Trafiki wa Maji

Nianze na viatu vyake, maana ndivyo nilivyovicheka kwanza. Buti la kulia jeusi, la kushoto kijani, yote ya mpira, na hilo la kijani lilimzidi mguu, kwa hiyo akitembea unasikia pwachu, kimya, pwachu, kimya. Juu kavaa koti la watu wa barabarani, lile la rangi ya chungwa lenye mistari ya kung'aa, ila lake limepauka mpaka limefanana na chai ya maziwa. Jembe begani. Nikamwamkia, akaitikia, akaniangalia mikono kabla ya uso, akasema, "Laini hiyo. Haidhuru, itakomaa."

Huyo ni Shangazi, dada mkubwa wa baba.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Kama umewahi kusubiri matokeo unajua ule ugonjwa: huwezi kukaa, huwezi kusimama, ukishika kitu unakivunja. Nilishavunja stuli, redio na uvumilivu wa mama. Baba akasema nenda kwa Shangazi yako wiki mbili, kamsaidie shamba. Sikubisha, maana nilikuwa na mpango wangu. Rafiki yangu mmoja alishafungua kibanda cha kutengeneza simu mjini, akaniambia kiti changu kipo, nikimaliza hayo ya familia nije. Kwa hiyo kichwani mwangu mimi nilikuwa fundi simu tayari. Shamba lilikuwa kituo cha kubadilishia gari tu.

Watu wa pale walimwita Shangazi "Trafiki". Mwanzoni nilidhani ni kwa sababu ya lile koti. Kweli alifanya kazi barabarani miaka kumi na moja, na miaka mitano kati ya hiyo alikuwa yule mtu anayesimama juani na kibao, upande mmoja SIMAMA, upande wa pili PITA. Lakini jina lilikuja baadaye, aliporudi kulima. Mvua ikinyesha, watu wote wanakimbilia ndani, yeye anavaa buti zake mbili zisizojuana anatoka nje. Anasimama katikati ya shamba, anaangalia maji yanatoka wapi yanaenda wapi, anakimbia nayo, anachomeka kijiti, anarudi, ananyoosha mkono huku, ananyoosha mkono kule. Majirani wanachungulia dirishani wanavunjika mbavu. Eti anayazuia maji yasipite kwenye taa nyekundu.

Alifanya hivyo misimu minne. Mtu mzima, analoa kwa makusudi misimu minne. Mimi nilimaliza shule sijawahi kufuatilia kitu chochote misimu minne, hata kuchana nywele.

Nilipoingia sebuleni kwake ndipo nilipoanza kushangaa. Ukutani, mahali ambapo watu wanabandika picha za harusi, yeye kabandika kalenda kubwa ya zamani imegeuzwa nyuma mbele. Kwenye ule upande mweupe kachora shamba lote kwa kalamu na rangi za watoto. Bluu ni njia za maji, zote, hata zile nyembamba kama mshipa wa shingo. Kahawia ni pale udongo ulipoondoka mpaka mawe yakatokea. Kijani ni vile anavyotaka yeye: juu kabisa, penye mteremko mkali, miti na majani ya ng'ombe, katikati mahindi na maharage, chini mboga, na pembeni bwawa dogo la kupokea maji yatakayozidi. Kukatiza mteremko, kutoka ukingo hadi ukingo, kulikuwa na mistari mitatu ya makinga maji, mitaro ya kuyazuia maji yasishuke. Niliwahi kuona ramani nyingi darasani na sikumbuki hata moja. Hii ninaweza kukuchorea sasa hivi.

Halafu dirishani kulikuwa na chupa. Chupa za jamu, kumi na kitu, zimepangwa kama askari. Nikauliza hizi dawa za nini. Akaniambia ni maji aliyokinga mwisho wa shamba kila mvua kubwa, akayaacha yatulie. Tope lote lilikuwa limekaa chini, maji safi juu. Akaweka vidole vyake kwenye chupa ya kwanza, ya miaka miwili nyuma: vidole vinne vya tope. "Hili ni shamba la babu yako," akasema, "linakwenda mtoni kwa miguu yake."

Sasa nikueleze tatizo lenyewe. Chini ya shamba kulikuwa na korongo. Lilianzia kule mtoni na kila masika lilipanda, linatafuna udongo likija juu, na watu waliliita Mdomo. Msimu wa nyuma Mdomo ulikula mpapai mzima na nusu ya njia ya kwenda chooni. Ukisimama jikoni kwa Shangazi, ule ukingo unauona, hatua ishirini tu.

Shamba la babu liligawanywa pande mbili, njia ndogo katikati. Upande mmoja Shangazi, upande wa pili Baba Mdogo, mdogo wao wa mwisho. Sitaki umfikirie Baba Mdogo vibaya. Ni mtu wa kazi, ana watoto sita, na anacheka kwa sauti mpaka kuku wanahama. Lakini yeye alikodi trekta, na dereva wa trekta alipenda kulima kwa mistari inayoshuka moja kwa moja kutoka juu hadi chini, maana kukata mteremko pembeni kunamtia hofu ya kupinduka. Baba Mdogo akaona mistari imenyooka, akaona maendeleo. Alipomsikia dada yake anataka robo nzima ya shamba iwe majani na mitaro, akauliza hao watoto wake sita wataota pembe lini ili waanze kula majani.

Ikaitwa familia. Baba yangu alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Walibishana tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana kikapoa. Mwisho Shangazi akatoka nje, akarudi na nondo aliyookota zamani kwenye kazi ya barabara, kaipaka rangi nyekundu. Akaenda akaipigilia chini kati ya jiko na Mdomo, mbele ya wote. Akasema mnipe masika moja. Mdomo ukiifikia hii nondo, upande wangu naukabidhi, mlete trekta mlime mnavyotaka, mimi nitahamia kwa mwanangu na sitasema neno. Usipoifikia, basi na upande wa pili unaingia kwenye mpango wangu. Baba Mdogo akakubali haraka haraka, kama mtu aliyeuziwa kitu kwa bei ya bure.

Kwa hiyo mimi nilipofika na mikono yangu laini, masika ilikuwa wiki tatu mbele, na hata mtaro mmoja ulikuwa haujachimbwa.

Tulichimba. Sitaki kuzungumzia sana habari ya kuchimba, mgongo wangu bado unakumbuka. Unachimba mtaro wa kina cha goti, udongo unautupa upande wa chini, unakuwa tuta, juu ya tuta unapanda majani ya kushika udongo. Maji yakishuka yanazuiwa, yanakaa, yanazama taratibu. Siri yote ni kwamba mtaro lazima uwe sawasawa kama maji kwenye beseni. Ukiinama upande mmoja kidogo tu, umeyatengenezea maji barabara ya lami.

Na macho hayafai kwa kazi hiyo, mteremko unayadanganya. Shangazi alikuwa na kipimo chake: miti miwili mirefu imefungwa juu, imetanuliwa miguu, mti wa tatu umekatiza katikati, umbo la herufi A. Kutoka juu inaning'inia kamba yenye jiwe. Jiwe likiyumbayumba kabla ya kutulia linafanana kabisa na mtu anayetoka kilabuni, kwa hiyo kipimo kiliitwa Mlevi. "Mlete Mlevi," anasema asubuhi, "tuone kama amelala vizuri."

Kila asubuhi kabla ya kazi Mlevi anapimwa. Unamsimamisha, kamba inatulia, unaweka alama pale inapogusa mti wa katikati. Unamgeuza, mguu wa kulia unakanyaga pale pale palipokuwa na wa kushoto, unaweka alama ya pili. Katikati ya alama mbili ndiyo alama ya kweli. Halafu ukianza kupima shamba humburuzi. Unamtembeza: mguu huu ukitangulia, hatua inayofuata unamzungusha, mguu wa pili unatangulia. Shangazi alinieleza kwamba mguu mmoja ukiwa na kasoro, wa pili unairekebisha. Kila penye mguu unapigilia kigingi. Yeye alifanya hivyo taratibu, mdomo umefungwa, kama mtu anayetia uzi kwenye sindano, na nilipohesabu, mstari wa kwanza ulimchukua nusu siku.

Mtaro wa kwanza tulipima pamoja. Wa pili pia. Siku ya mstari wa tatu, ule wa chini kabisa, unaokaa juu ya Mdomo wenyewe, Shangazi alikwenda na mke wa Baba Mdogo kuchukua miche ya majani, mbali. Akaniachia Mlevi. Aliniachia peke yangu, unanielewa? Mtu aliyeloa misimu minne.

Saa tatu asubuhi rafiki yangu akapiga simu. Kuna jamaa mwingine anakitaka kile kiti, akasema, na yeye hawezi kukaa na kiti kitupu, kwa hiyo Jumatatu niwe nimefika, la sivyo tusilaumiane. Nikasema nitafika. Nikaanza kufanya kazi kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Nikamtupa Mlevi chini vibaya, mguu mmoja ukapasuka. Nikakata mti mwingine, nikafunga. Ulikuwa mrefu kuliko mwenzake kama vidole viwili hivi. Niliona. Nikajiambia vidole viwili ni nini kwenye shamba zima.

Sikumpima upya, nikatumia alama ya zamani. Na kumzungusha kila hatua nikaona ni madoido, nikawa namburuza tu, ule mguu mpya mbele wakati wote, kutoka ukingo wa kulia kwenda kushoto. Vigingi thelathini kabla ya saa sita. Nilijipongeza hata.

Wewe piga hesabu, mimi sikupiga. Kila hatua mstari unashuka vidole viwili. Mara thelathini. Inafika kiunoni.

Jioni Shangazi akarudi na magunia ya miche kichwani, akaangalia vigingi, akauliza swali moja tu: "Ulimgeuza?"

Nikasema, "Ndiyo, Shangazi."

Akaniamini. Kesho yake tukachimba kwa kufuata uongo wangu, mimi, yeye na mke wa Baba Mdogo, siku mbili nzima. Nilipanga kuaga Jumatatu. Lakini Jumapili mchana mbingu ikafunga, wiki nzima kabla ya siku yake, na hiyo haikuwa mvua ya kuonja. Ilishuka kama mtu kapindua pipa.

Nilikuwa sebuleni nafunga begi. Nikasikia pwachu, kimya, pwachu. Shangazi alikuwa anatoka, na koti lake, na mwavuli ambao upepo uliugeuza akiwa bado mlangoni, akautupa. Sijui kilichonitoa nje. Labda nilitaka kuona hicho kichekesho cha Trafiki kwa macho yangu kabla sijaondoka.

Nikwambie nilichokiona. Mtaro wa kwanza ulikuwa umejaa maji, na maji yametulia. Mvua yote ile, shamba la jirani linatiririka kila upande, na pale juu maji yamelala marefu kutoka ukingo hadi ukingo kama shuka iliyotandikwa. Mtaro wa pili vilevile. Matone yanapiga juu yake na yenyewe hayaendi popote. Shangazi alisimama pale, mvua inampiga usoni, na alikuwa anatabasamu kama mtu anayemtazama mtoto wake aliyelala. Misimu minne, zile chupa zote, ile kalenda, yote ilikuwa imelala pale mbele yake. Nikasahau kucheka.

Halafu akageuka kuangalia wa tatu.

Wa tatu ulikuwa unakimbia. Unakimbia kabisa, unapiga kelele, maji mekundu yanatoka kulia yanashuka kushoto, na mwisho wa mtaro yanaruka tuta na kudondoka ndani ya Mdomo. Na Mdomo unaanguka, vipande vikubwa kama magunia, puu, puu. Asubuhi, kutoka ukingo wa Mdomo hadi nondo nyekundu zilikuwa hatua kumi na mbili. Sasa zilikuwa saba.

Nilikimbia mpaka alipo. Nikasema, "Shangazi, ni mimi. Sikumgeuza. Mguu ulivunjika, nikaweka mwingine mrefu, nikaburuza. Nilikudanganya."

Aliniangalia. Sijawahi kuangaliwa vile, na hakuwa na hasira, hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa anafikiri.

"Utatubu kesho," akasema. "Leo chimba."

Akaniambia kwamba barabarani mtaro ukiwa mkali huwezi kuyapiga maji makofi, unayakata mwendo. Kila hatua tano wanaweka kizuizi ndani yake, maji yanajikuta kwenye chumba, yanatulia. Akashuka mwenyewe ndani ya ule mtaro, maji yakafika mapajani, akaonyesha kwa mkono: hapa, na pale, na pale. Akatoka akapanda kwenye tuta pale ambapo angeona mtaro wote, akanyoosha mikono. Mkono wa kulia juu, maana yake usiweke hapo bado. Wa kushoto chini, maana yake weka sasa. Na mimi nilifuata mikono yake kama gari. Nakuapia, katika mvua ile husikii neno, lakini mikono ile niliisoma kama maandishi. Hapo ndipo nilipojua kwamba kumbe hakuwahi kucheza. Wote tulikuwa tunacheka mtu aliyekuwa kazini.

Kizuizi cha kwanza kilisombwa. Cha pili kilisombwa. Udongo ulikuwa uji, haushikiki. Nondo ikawa hatua tano.

Baba Mdogo akatokea kwenye njia. Akaja moja kwa moja kwenye nondo, akasimama pembeni yake, anaangalia chini. Mimi nikajua amekuja kushuhudia ushindi wake, na moyoni nilimtukana kidogo, Mungu anisamehe. Akaangalia Mdomo, akaangalia jiko, akamwangalia dada yake juu ya tuta, mwanamke wa miaka hamsini na ushee, kaloa mpaka mifupa, kanyoosha mikono. Akageuka akaondoka mbio.

Aliporudi alikuwa na mlango. Mlango wa banda la kuku, mzima, na bawaba zake, na nyuma yake kuku wote wamechanganyikiwa wanatembea mvuani. Akaruka ndani ya mtaro, akaukita ule mlango kukatiza maji, akauegemea kwa mgongo. "Wee msomi," akaniita, "unashangaa nini, jaza udongo."

Nikajaza. Mlango ulishika. Nyuma yake tukaweka mawe, na magunia ya miche tuliyomwaga miche yake, tukatengeneza cha pili, na cha tatu. Shangazi anaongoza kwa mikono, Baba Mdogo anasukuma, mimi nashindilia kwa miguu. Kufika cha sita maji yalianza kupunguza sauti. Kufika cha nane yakanyamaza. Ule mtaro ukawa vyumba nane, kila kimoja kina maji yake yametulia, kama treni ya mabeseni.

Mvua ikakata kama ilivyoanza. Tukaenda wote watatu kwenye nondo. Baba Mdogo alipima kwa nyayo zake, akarudia. Hatua mbili, na ya tatu nusu. Akaenda kutafuta kuku.

Asubuhi yake ilikuwa Jumatatu. Nilikuwa nimekaa sebuleni na begi langu nasubiri matusi, maana ile kesho ya kutubu ilikuwa imefika. Shangazi akaleta chai, akaniletea na kalamu nyekundu. Akaniambia niende kwenye kalenda, niuchore mtaro wa tatu ulivyo kweli, ulivyoinama, na vizuizi vyake nane. Nikamwambia si bora tuufute, tupime upya, tuchimbe upya sawasawa. Akasema hakuna muda wa kuchimba upya, mvua imeshaingia, na isitoshe shamba sasa ndivyo lilivyo. Mpango unaosema uongo, akasema, maji yatausahihisha yenyewe na hayatakuwa na huruma kama yeye.

Hayo ndiyo yalikuwa matusi yangu yote. Nilichora. Kila kizuizi alinitajia umbali wake, bila kwenda kuangalia: hatua tano, tano, nne na nusu kwa sababu kuna jiwe. Alikuwa nalo lote kichwani, alilipima huku analoa.

Saa nne nikampigia rafiki yangu. Nikamwambia kile kiti akipe jamaa. Akaniuliza nimerogwa. Nikasema hapana, kuna mguu wa mtu natakiwa kuutengeneza. Nikakata simu nikaenda kumtafutia Mlevi mti wa saizi yake.

Msimu wote tulikaa na ile mitaro. Kila mvua kubwa tulitoka wawili, mimi na yeye, na baada ya wiki mbili hivi nikawa na buti zangu mwenyewe. Vizuizi viwili vilipasuka, tukavirudishia. Majani yakashika juu ya matuta. Bwawa likajaa mara ya kwanza, na siku ile Shangazi alikwenda akakaa pembeni yake na kikombe cha chai, mguu mmoja mweusi mmoja wa kijani, akakaa mpaka chai ikapoa na hakuinywa. Sikumsogelea. Kuna furaha za watu huwezi kwenda kuziulizia.

Nondo haikufikiwa. Mpaka mvua ya mwisho, hatua mbili na nusu.

Siku ya mwisho wa masika Baba Mdogo alikuja sebuleni na chupa ya jamu mkononi. Kumbe naye alikinga maji upande wake, kimya kimya, hakumwambia mtu. Akaiweka dirishani pembeni ya chupa ya Shangazi ya mvua ile ile. Akainama akaweka vidole. Yake ilikuwa na vidole vitatu vya tope. Ya Shangazi haikufika hata nusu ya kidole, utando tu chini, unaona upande wa pili.

Akazipima zote mbili mara ya pili. Kisha akasema, "Dada, vidole vitatu hivi, ni ekari ngapi kwa mwaka?"

Shangazi angeweza kumcheka. Mimi ningemcheka, ningemkumbusha na zile pembe za watoto. Yeye akamvutia kiti, akamwambia akae, akachukua kalenda nyingine ya zamani, akaigeuza nyuma mbele na kuilaza mezani. Akamwuliza upande wako maji yanaingilia wapi. Baba Mdogo akaweka kidole kwenye karatasi, akakiondoa. Hakujua. Miaka yote amelima pale na hakujua.

"Basi vuli utaloa," Shangazi akamwambia. "Tafuta buti."

Matokeo yangu yalitoka katikati ya hayo yote. Niliyaangalia kwenye simu nikiwa nimesimama kwenye mtaro wa pili. Si mabaya, si ya kutangaza. Vuli ilipopita, Baba alipiga akauliza sasa nafikiria nini. Nikamwambia nimesikia kuna chuo wanafundisha kupima ardhi na maji, nataka kujua wanachukua watu wenye alama kama zangu au hapana. Akauliza kama Shangazi yupo karibu ananisikiliza. Nikamwambia hapana, yuko mbali, yuko juu kule.

Na alikuwa juu kule kweli. Trekta lilikuwa limekuja upande wa Baba Mdogo. Vuli Baba Mdogo alishaloa, na buti zake za dukani zikamtoa malengelenge. Safari hii mistari ilikuwa imepigiliwa vigingi, inakatiza mteremko, na vigingi hivyo nilipima mimi, siku tatu, namgeuza Mlevi kila hatua mpaka mikono ikafa ganzi. Dereva wa trekta alizima injini akaanza kulalamika, pembeni hivi atapinduka, yeye anajua kulima, hajaja kufundishwa. Baba Mdogo hakubishana naye. Alimwonyesha tu kwa kidole mtu aliyesimama juu ya shamba na koti lililopauka.

"Mimi usiniulize," akamwambia. "Muulize Trafiki."

Shangazi akapandisha mkono wa kulia. Dereva akawasha, akasubiri. Mkono ukashuka taratibu, ukaelekea pembeni, na lile trekta kubwa likageuka, likaufuata.